Sura ya Saba: Maji Yakirudi Bondeni, Je, Mbu Nao?

Panapotangazwa kwamba bonde lililokaushwa miaka mingi litarudishiwa maji yake, watu kwenye mkutano wa kijiji hawaanzi kuuliza habari za ndege wala samaki. Wanauliza habari za mbu. Mama aliyekesha wodini akimwuguza mwanawe hana haja ya kusikia juu ya utalii. Anataka kujua kama wanaokuja na ramani na magari wanamrudishia malaria mlangoni. Swali hilo ni la haki, na wapenda mazingira wengi hulijibu haraka mno au hulikwepa.

Hapa tutalijibu kwa kirefu, ila jibu halipatikani kwa kumtazama mbu peke yake. Mbu ni mkazi mmoja katika jamii kubwa ya viumbe wadogo wanaoishi majini, na wingi wake hutegemea sana majirani: wanaomla, wanaogombea naye chakula, na mimea inayomnyima jua. Anayetaka kujua mbu watafanya nini bonde likijaa, sharti kwanza awajue majirani hao, walikoenda bonde lilipokauka, na njia wanayorudia.

Wakazi wa sinia nyeupe

Ardhi oevu ni eneo ambalo maji hukaa juu ya udongo, au karibu sana na uso wake, kwa muda wa kutosha kuamua ni mimea gani itaota na ni wanyama gani wataishi hapo. Vinamasi vya mafunjo kandokando ya Ziwa Victoria ni ardhi oevu. Mbuga zinazofurika masika ni ardhi oevu, na vilevile mabonde ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania ambako watu hulima vinyungu, yaani bustani za bondeni. Mikoko ya Rufiji nayo imo, lakini sura hii inahusu maji baridi, yaani yasiyo na chumvi ya bahari.

Mtaalamu anayetaka kujua nani anaishi humo huingia majini na wavu wa matundu madogo uliofungwa kwenye mpini. Huuburuza kati ya majani na juu ya tope, kisha humwaga alichopata kwenye sinia nyeupe yenye maji kidogo. Mwanzoni huonekana takataka tu: vijiti, majani yaliyooza, chembe za udongo. Baada ya muda mfupi takataka zinaanza kutembea.

Kijiti kimoja ni mtoto wa kereng'ende. Kereng'ende tunamjua akiwa na mabawa, lakini sehemu kubwa ya maisha yake huipitisha chini ya maji, akiwinda kwa mdomo wa chini unaochomoka ghafla na kunasa windo. Pembeni yake kuna mende wa majini aliyebeba hewa chini ya mabawa yake, mdudu mwingine anayeogelea chali, konokono wa aina mbili tatu, ruba, na vibuu vyembamba vyekundu vinavyojikunja na kujikunjua. Ukibahatika utapata kombe, mnyama wa magamba mawili anayejizika kwenye mchanga na kuchuja maji.

Wote hawa ni wanyama wasio na uti wa mgongo, na katika sura hii tutawaita kwa kifupi viumbe wadogo wa majini. Kazi zao ni nyingi. Wapo wanaokatakata majani yaliyoanguka, wanaokwangua mwani kwenye mawe na mashina, wanaochuja chembe za chakula, na wanaowinda wenzao. Kambale na perege huwala. Korongo na kwarara huwafuata kwenye tope. Pale wanapopungua, samaki na ndege hupungua nyuma yao.

Jambo moja la kushika tangu sasa ni namna wanavyopumua, kwa sababu ndilo linaloeleza karibu kila kitu kitakachofuata. Mtoto wa mbu huvuta hewa juu ya maji kwa mrija ulio mwilini mwake au kwa vitundu vya mgongoni, hivyo maji machafu yasiyo na oksijeni hayamsumbui sana. Vile vibuu vyekundu, ambavyo wataalamu huviita kironomidi, vina himoglobini, kama ile inayobeba oksijeni katika damu ya binadamu, na kwa hiyo vinaweza kuishi ndani ya tope lenye oksijeni kidogo mno. Lakini wapo wadudu wanaoitwa efemera, wembamba, mara nyingi wenye mikia mitatu, ambao hupumua kwa mashavu laini yaliyo wazi pembeni mwa tumbo. Oksijeni ya majini ikipungua, au matope yakifunika mashavu yale, hawa ndio huanza kufa.

Mfereji mmoja hufanya nini

Kukausha bonde hakuhitaji mashine kubwa. Watu huchimba mfereji pale maji yanapotokea, wakaushusha kidogo kila mwaka, wakafyeka mafunjo, wakapanda viazi, kabichi au mahindi. Mahali pengine hupandwa mikaratusi, mti unaokunywa maji mengi. Mavuno ya miaka ya kwanza huwa mazuri, kwa kuwa udongo wa kinamasi umehifadhi rutuba ya karne nyingi, na hakuna sababu ya kumlaumu mkulima mwenye njaa kwa kuiona rutuba hiyo.

Kinachobaki, hata hivyo, si bonde kavu. Ni bonde la madimbwi. Maji hutuama kati ya matuta, kwenye nyayo za ng'ombe, kwenye alama za matairi na kwenye mashimo ya kumwagilia. Madimbwi hayo hupigwa na jua siku nzima, hupata joto, na hukauka baada ya wiki chache. Mtoto wa kereng'ende anayehitaji miezi mingi, pengine mwaka au zaidi, hawezi kumaliza makuzi yake humo. Kombe hawezi. Mdudu anayeweza ni yule wa haraka, anayetoka kwenye yai hadi kuruka kwa wiki moja au mbili. Mbu ni mmoja wao.

Haya ndiyo yanayosahaulika mkutanoni. Kinamasi kikifyekwa, mbu hubaki. Wanaoondoka ni wanaomla.

Wanarudije, na kutoka wapi?

Tuseme mfereji umezibwa. Mvua zimenyesha, maji yametanda. Hakuna mtu anayekuja na ndoo ya kereng'ende na kuwamwaga. Hata hivyo, baada ya siku chache maji yale tayari yana wakazi.

Kundi la kwanza lilikuwepo muda wote, limelala kwenye tope. Viroboto-maji, ambao ni jamaa wa mbali wa kamba, hutaga mayai yenye ganda gumu yanayostahimili ukame kwa miaka, na wapo kamba wadogo wa madimbwi wanaofanya vivyo hivyo. Udongo wa bonde la zamani unaweza kuwa ghala la mayai yanayongoja maji. Mfano wa ajabu kuliko yote ni wa Afrika: kironomidi mmoja anayeishi kwenye vidimbwi vya miambani katika nchi kama Nigeria na Uganda. Dimbwi likikauka, kibuu chake nacho hukauka hadi kubaki na maji kidogo sana mwilini, hakili, hakipumui kwa namna ya kuonekana, na kikilowanishwa tena huamka. Vibuu vya aina hiyo vimewahi kuamka baada ya miaka 17.

Ghala hilo lakini lina mwisho. Bonde lililolimwa kwa miongo mingi na kunyunyiziwa sumu za wadudu kila msimu huwa limepoteza sehemu kubwa ya akiba yake. Ndiyo maana bonde lililokaushwa juzi hupona haraka kuliko lile lililokaushwa enzi za mababu.

Kundi la pili huja kwa mabawa. Mende wa majini na wale wanaoogelea chali huruka, wengi wao usiku, wakiongozwa na namna mwanga unavyoakisiwa na uso wa maji. Kereng'ende nao huja, na safari za baadhi yao ni ndefu kupita kawaida. Mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson, aliyekuwa akiishi visiwa vya Maldives, alichapisha uchunguzi wake juu ya kereng'ende wa rangi ya manjano wanaotokea kwa mamilioni visiwani humo kuanzia Oktoba, mahali pasipo na maji baridi ya kutosha kuwazalisha. Alieleza kuwa wanatoka India na kwamba wanavuka Bahari ya Hindi wakisukumwa na pepo za kaskazi, upepo uleule ulioleta majahazi kwenye pwani ya Waswahili, hadi kufika Afrika Mashariki wakati wa mvua. Huku hutaga kwenye madimbwi mapya, na watoto wao hukua kwa muda wa miezi miwili hivi au chini ya hapo. Bonde lililojaa maji Novemba linaweza kupokea wageni waliovuka bahari.

Kundi la tatu halina mabawa, hivyo hutegemea msaada. Vikonokono hubebwa kwenye miguu ya ndege na kwenye mizizi ya mimea inayoelea. Ruba husafiri na wanaowanyonya. Wengine huteremka na maji kutoka juu ya mto, mradi mto na bonde bado vimeungana. Kombe ndiye mwenye masharti magumu kuliko wote: watoto wake wachanga hujishikiza kwenye mwili wa samaki kwa muda kabla ya kushuka topeni. Kombe hawezi kurudi kabla ya samaki, na samaki hawezi kurudi kama bonde limezungushiwa tuta lisilo na mlango.

> Kwa ufupi
> Wanaorudi kwa siku: waliolala kwenye tope, na mbu.
> Wanaorudi kwa wiki na miezi: mende wa majini, waogelea chali, kereng'ende, konokono wengi.
> Wanaorudi kwa miaka: efemera wanaotaka maji yenye oksijeni nyingi, kombe, na wote wanaohitaji mto kuungana na bonde.

Mto ulionyooshwa, kisha ukapindwa tena

Mfano wa kurudi huko uliopimwa kwa makini sana uko Florida, Marekani. Mto Kissimmee ulikuwa ukijipinda kwa kilomita 166, na kila mwaka ulifurika kwenye uwanda wenye upana wa kilomita 1.5 hadi 5. Mafuriko yalipoharibu mali, serikali iliamua kuutuliza. Kati ya 1962 na 1971 wahandisi wa jeshi waliunyoosha ukawa mfereji wa kilomita 90 wenye kina cha mita 9. Kazi ilifanikiwa kama ilivyopangwa: mafuriko yalikoma. Uwanda ukakauka, na bata na ndege wengine wa majini waliokuwa wakija msimu wa baridi wakapungua kwa zaidi ya asilimia 90.

Chini ya maji mabadiliko yalikuwa makubwa vilevile, ingawa hakuna mpita njia aliyeyaona. Kwenye mapindo ya zamani yaliyoachwa kando maji yalisimama, mimea ilioza, na tabaka la tope jeusi likafunika mchanga. Oksijeni ikashuka. Jamii ya viumbe wadogo iliyokuwa ya mto ikageuka kuwa ya dimbwi: wakabaki wale wanaostahimili tope na uhaba wa oksijeni, wakatoweka wale wanaojishikiza kwenye magogo na kungoja mkondo uwaletee chakula.

Mwaka 1999 kazi ya kurudisha ilianza, ikakamilika 2021 kwa gharama iliyokaribia dola bilioni 1. Takriban kilomita 35 za mfereji zilifukiwa, na maji yakapita tena kwenye mapindo ya kale. Mkondo ulisukuma tope, mchanga ukaonekana, oksijeni ikapanda. Kwenye magogo yaliyozama wakaanza kuhesabiwa tena wale wachujaji wanaohitaji maji yanayokwenda, wakiwamo wadudu wanaofuma nyavu ndogo za hariri chini ya maji ili kunasa chembe zinazopita. Hakuna aliyewapandikiza. Mkondo uliporudi walirudi nao.

Kuna sehemu ya hadithi hii ambayo wasimulizi wengi huiruka. Mtoni mabadiliko yalikuja mapema. Kwenye uwanda wa mafuriko yalichelewa. Sababu ni kwamba uwanda ulihitaji mafuriko marefu ya majira, na hayo yalitegemea ratiba mpya ya kufungulia maji ya maziwa yaliyo juu, ratiba ambayo ilibidi kungoja ardhi inunuliwe na ujenzi uishe. Kurudisha umbo la mto ni jambo moja, na kurudisha kalenda ya maji ni jingine. Viumbe wadogo hufuata kalenda.

Basi, mbu

Sasa tunaweza kulijibu lile swali, na jibu lina pande mbili.

Tuanze na Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, nchi ya milima na baridi. Mabonde mengi ya huko yalikuwa vinamasi vya mafunjo, kisha mengi yakageuzwa mashamba. Malaria, ambayo haikuwa desturi ya nyanda hizo, ikaanza kuleta milipuko. Watafiti walilinganisha vijiji vilivyo kando ya vinamasi ambavyo havijaguswa na vile vilivyo kando ya vinamasi vilivyolimwa, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2000. Kando ya mashamba palikuwa na joto zaidi, na joto lilipozidi, ndivyo mbu wa *Anofelesi gambie*, msambazaji mkuu wa malaria barani Afrika, walivyopatikana kwa wingi zaidi majumbani.

Kwa nini? Anofelesi gambie hupenda dimbwi dogo, jipya, lenye jua na lisilo na wakazi wengine. Kinamasi kilichofungamana kwa mafunjo ni kinyume cha hayo yote. Kina kivuli, maji yake ni baridi, na kina wawindaji waliokomaa: watoto wa kereng'ende, mende wa majini, waogelea chali na samaki wadogo. Mbu jike anayetafuta pa kutagia huweza hata kutambua harufu ya baadhi ya wawindaji majini na kwenda kwingine.

Upande wa pili unapaswa kusemwa kwa sauti ileile. Kwanza, maji mapya hupokea mbu kabla ya wawindaji wao. Kwa wiki kadhaa za mwanzo, na pengine msimu wote wa kwanza, mbu wanaweza kuongezeka kweli. Pili, mbu si aina moja. *Anofelesi funestasi*, naye msambazaji hatari wa malaria, hupenda maji ya kudumu yenye majani kandokando, na kinamasi kilichopona kinaweza kumfaa. Wapo pia mbu ambao watoto wao hujishikiza kwenye mizizi ya magugu maji ili kupata hewa humo. Kwa hiyo mradi wowote unaorudisha maji karibu na makazi bila kugawa vyandarua na bila kuwapima mbu wa hapo ni mradi uliofanya nusu ya kazi, na wanakijiji wana haki ya kuukataa hadi nusu ya pili ikamilike.

Uamuzi wa sura hii ni huu: kinamasi kilichopona vizuri, chenye kina cha namna mbalimbali, mimea yake ya asili na njia ya samaki kuingia, hakina sababu ya kuzalisha mbu wengi wa malaria kuliko shamba la madimbwi lililokuwa hapo, na mara nyingi huzalisha wachache. Kinamasi kilichorudishwa nusunusu, maji yakijaa na kukauka bila mpangilio, ndicho cha kuogopa.

Konokono na kichocho

Hofu ya pili ni kichocho, ugonjwa wa minyoo inayopitia kwenye konokono wa maji baridi kabla ya kumwingia mtu anayeoga, kufua au kulima majini. Hapa Senegal ina la kutufunza. Mwaka 1986 bwawa la Diama lilikamilika karibu na mdomo wa Mto Senegal ili kuzuia maji ya bahari yasipande. Chumvi ilizuiwa, konokono wakastawi, na kichocho kikalipuka juu ya mto, hasa katika mji wa Richard-Toll. Bwawa lilikuwa pia limewafungia njia kamba wa mtoni, ambao huhitaji maji ya chumvichumvi ili kuzaliana na ambao hula konokono. Miaka kadhaa iliyopita watafiti waliwarudisha kamba hao mahali ambapo watu wa kijiji kimoja huteka maji, na konokono walioambukizwa wakapungua, na watu waliotibiwa wakaambukizwa tena kwa kiwango cha chini kuliko kijiji cha jirani.

Afrika Mashariki ina mlaji wake. Kamongo, samaki anayeweza kupumua hewa na anayependa vinamasi, hutafuna konokono magamba na yote. Anavuliwa sana, na makazi yake yanafyekwa.

Pale panapokwama

Kusini mwa Iraki, vinamasi vikubwa vilivyo kati ya mito ya Hidekeli na Frati vilikaushwa kwa makusudi miaka ya 1990, na kufikia mwaka 2000 takriban asilimia 90 ilikuwa imepotea. Mwaka 2003, utawala uliovikausha ulipoanguka, wenyeji walibomoa matuta kwa mikono na mashine, maji yakaingia. Matete yalichipua, na viumbe wadogo, samaki na ndege wakafuata kwa kasi iliyowashangaza wataalamu waliokwenda kupima. Mwaka 2016 vinamasi hivyo viliwekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini havikurudi sawasawa. Mahali maji yalipopita na kutoka, maisha yalinawiri. Mahali yalipoingia na kunaswa, chumvi ilipanda na wakazi wakabaki wachache. Ukame na mabwawa ya nchi za juu vimevikausha tena mara kadhaa.

Afrika Kusini kikwazo kilikuwa miti. Miti ya kigeni ilikuwa imefunika kingo za vijito kwa kivuli kizito, na kereng'ende wa pale, waliozoea jua na nyasi, wakatoweka. Serikali ilipoanza mwaka 1995 kuwalipa watu wasio na ajira waing'oe miti hiyo, kereng'ende walirudi kwenye vijito vilivyosafishwa, wakiwamo wengine ambao walikuwa hawajaonekana kwa miaka mingi. Miradi yetu inayojivunia idadi ya miti iliyopandwa kandokando ya chemchemi inapaswa kuuangalia mfano huo kwa makini: kupanda mti usiofaa ni kuharibu kwa jina la kurekebisha.

Rwanda nayo ilirudisha kinamasi cha Rugezi, sababu ikiwa umeme. Kinamasi kilipolimwa na kutobolewa, maji yanayolisha Ziwa Bulera na kituo cha umeme cha Ntaruka yalipungua hadi taa za Kigali zikaathirika miaka ya 2003 na 2004. Kilimo kikasimamishwa, na maji yakapanda. Nchi ilipata umeme wake. Familia zilizokuwa zikilima humo zilibeba mzigo mkubwa. Mabonde ya aina hii hayapaswi kurudishwa bila kuzungumza kwanza na wanaoyategemea, na kuwapa njia nyingine ya kuishi kabla jembe halijakatazwa.

Miaka mingapi?

Mwaka 2012 watafiti walikusanya takwimu za maeneo oevu 621 duniani kote yaliyorudishwa au kutengenezwa upya. Hata baada ya karne moja, jamii za viumbe kwa wastani zilikuwa pungufu kwa asilimia 26 zikilinganishwa na maeneo ambayo hayajaharibiwa, na mimea ndiyo iliyokuwa nyuma zaidi. Viumbe wadogo wa majini walikuwa miongoni mwa waliowahi: kwa kawaida walikaribia hali ya maeneo mazima ndani ya miaka 5 hadi 10. Maeneo makubwa, ya zaidi ya hekta 100, na yale ya nchi zenye joto yalipona haraka zaidi.

Kwa Afrika Mashariki hizo ni habari njema zenye onyo ndani yake. Bonde letu linaweza kupona haraka kuliko la Ulaya. Lakini halilipi deni lote, na kuliharibu kwa matumaini ya kulirekebisha baadaye ni biashara ya hasara.

Kupima kabla ya kuziba mfereji

Tanzania ina kipimo chake cha mito, kiitwacho TARISS, kilichotengenezwa kutokana na kile cha Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2015. Kila kundi la viumbe wadogo hupewa alama kulingana na unyeti wake: wanaovumilia uchafu, kama mbu na vibuu vyekundu, hupata alama ndogo, na wanaodai maji safi hupata alama kubwa hadi 15. Jumla ikigawanywa kwa idadi ya makundi, hupatikana wastani unaosema hali ya mto.

Tahadhari moja. Kipimo hicho ni cha maji yanayotiririka. Katikati ya kinamasi cha mafunjo oksijeni ni ndogo kwa asili, na vibuu vyekundu humo si dalili ya ugonjwa. Uhaba huohuo wa oksijeni umesaidia samaki wadogo wa Ziwa Victoria kujificha mbali na sangara. Kinamasi kilinganishwe na kinamasi kizima cha jirani, kisilinganishwe na kijito cha mlimani.

Kikundi cha watumia maji, shule ya sekondari au klabu ya mazingira inaweza kuanza na mambo machache:

- Chukueni sampuli kabla mfereji haujazibwa, kisha mahali palepale kila masika na kila kiangazi.
- Chagueni bonde lisiloharibiwa lililo karibu, mlipime siku hizohizo, liwe la kulinganishia.
- Vaeni buti za mpira na glavu. Kichocho hakimchagui mtafiti.
- Hesabuni makundi, si majina ya kitaalamu: kereng'ende, mende, waogelea chali, konokono, kombe, ruba, efemera, vibuu vyekundu, viluwiluwi vya mbu.
- Watoto wa kereng'ende wakubwa wakionekana, jueni maji yamekaa miezi bila kukauka. Kombe wachanga wakionekana, samaki wamepata njia. Mkiona mbu na vibuu vyekundu tu baada ya miaka miwili, ilhali bonde la jirani lina wote, kuna kitu kimekosewa, na mara nyingi ni kalenda ya maji au sumu inayotoka mashamba ya juu.

Vifaa ni wavu, sinia, daftari na mtu aliyefundishwa. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya bango linalosimikwa siku ya uzinduzi. Hata hivyo sampuli ya kwanza, ile ya kabla ya maji kurudi, ndiyo inayokosekana mara kwa mara, na ikishapita haipatikani tena. Kama bonde la kwenu limo kwenye mpango wa kurudishwa, waulizeni viongozi wa mradi nani atachukua sampuli hiyo, lini, na matokeo yake yatabandikwa wapi ili kila mtu ayasome.